Kifungo Kinachofunguka

Mwaka 1990 mkemia wa Kijapani, Makoto Fujita, alitangaza kazi ndogo iliyokuja kuwa na wafuasi wengi. Alichanganya ndani ya maji atomu za paladiamu, ambazo kila moja alikuwa ameziba nusu ya nafasi zake, na molekuli nyoofu kama kijiti, iitwayo bipiridini. Hakuna aliyevipanga vipande hivyo. Kwa joto la kawaida la chumba vikajipanga vyenyewe kuwa miraba: paladiamu 4 kwenye pembe, vijiti 4 kwenye pande. Kufikia mwaka 2010 kundi lake lilikuwa limepata tufe la paladiamu 24 na vijiti 48 vilivyopinda.

Watu wakisikia habari hii husema: tazameni, hata chembe zinajua umoja! Hapo mimi nasita. Chembe hazijui kitu. Zinafika kwenye mraba kwa sababu zinakosea na kosa linafutika. Kijiti hushika pasipo pake, msukosuko wa joto hukibandua, kinashika kwingine. Mraba ukitimia, hakuna ncha inayobaki wazi, ndiyo maana unadumu. Platinamu, ndugu wa paladiamu, ina umbo lile lile la kushika, lakini kifungo chake ni kizito kufunguka. Mraba wa platinamu ulihitaji kupashwa moto kwa wiki kadhaa. Bila moto huo, kosa la kwanza hubaki.

Sisi wahandisi wa majengo ya chuma tunalijua jambo hili kwa mikono. Bolti huachwa zimelegea mpaka fremu nzima inyooke, ndipo zinakazwa. Anayekaza ya kwanza kwa nguvu zote atahangaika na ya mwisho.

Sasa, tumelelewa kusifu kifungo kisichofunguka, iwe ni ndoa, ukoo au chama. Anayejitoa huitwa msaliti. Mimi naona platinamu iliyoganda mahali pabaya haina uaminifu wowote, imekwama tu. Uaminifu nauona kwa yule ambaye mlango uko wazi naye bado yupo.

Lakini mfano huu una mahali unapokatika, tena pakubwa. Kijiti kikibanduka hakiachi kidonda. Bipiridini zote ni sawa, ikitoka hii inaingia ile, na hesabu imekwisha. Mama aliyebaki Tanga miaka 20 hapewi mwana mwingine wa kipimo kile kile. Kosa lisilo na gharama liko ndani ya chupa ya maabara tu, na wanaotuambia tuachane kwa wepesi kwa kuwa maumbile nayo yanaachana wameisahau gharama hiyo.

Kwa hiyo tutakapokaa kuandika upya katiba ya chama chetu, nitaunga mkono kifungu kinachomruhusu mwanachama kujitoa, pamoja na kile kinachomtaka kwanza alipe ahadi yake ya mfuko wa misiba.