Wifi ya Jirani

Mtu akisimama chini ya mwembe hapa Lweba, simu mkononi, uso umeelekea ukuta wa jirani, hatumshangai: anavuta wifi. Mwenye uwezo ameweka kisahani cha Starlink, kilichopigwa marufuku Kongo mwaka 2024 kisha kikaruhusiwa 2025; wengine wanarusha mega za simu zao. Kisahani hicho kikitoka kwenye boksi hurusha mtandao ulio wazi kabisa, mpaka mwenyewe autie neno la siri. Wapo wasiolitia.

Ukishalitia, kufuli si baya. Kufuli la zamani la wifi, WEP, lilivunjwa mwaka 2001. WPA2, iliyokuja 2004, bado inafanya kazi, ingawa mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha inavyoweza kuzungukwa, watengenezaji wakakimbilia kuziba. Kinachonichekesha ni WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha simu kwa namba yenye tarakimu 8. Ungedhani mwizi atahitaji mamilioni ya majaribio. Kumbe kifaa cha wifi kilikagua nusu ya kwanza peke yake na kumjibu, na tarakimu ya mwisho ilitokana na zile nyingine, majaribio yakashuka hadi 11,000. Izimeni.

Ila Lweba hakuna mwizi wa kuhangaika na hesabu hizo. Anakuja jioni, anaketi, anauliza habari za watoto, anauliza kama samaki wamepatikana, ndipo anasema: "Mama, unisaidie kanamba ka wifi." Utamnyima kwa uso gani? Kesho kanamba kako kwa motari, keshokutwa kwa darasa zima.

Siwalaumu wanaotoa, mimi pia natoa. Nimewatengea wageni mtandao wao, mbali na ule wa simu na kompyuta zangu, na neno lake nalibadilisha kila mwezi. Tena nimebadilisha neno la kuingilia kwenye kifaa chenyewe, maana vingi bado vinafunguka kwa "admin".

Lakini tunazungumza kana kwamba hatari inatoka kwa mgeni tu. Mwenye kifaa akiwa na ujuzi kidogo anaweza kujua umetembelea tovuti gani, hata kama hawezi kusoma ulichoandika humo. Pesa za simu za kubonyeza nyota hazipiti kwenye wifi kabisa, ndiyo maana vijana hujiona salama, wakasahau mengine yote yanayopita. Mimi nimejilinda dhidi ya jirani; yeye amejilinda vipi dhidi yangu?

Nilimwambia hayo mmoja wa vijana hao. Alicheka, akaniuliza kama huwa namchungulia. Nikamjibu hata ukurasa wa kuchungulia sijui ulipo. "Utajifunza," akasema. Siku hizi, kabla ya kumpigia dada yake aliye kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anazima wifi yangu na kutumia mega zake.