Mahali Hapajulikani: Amana, Mifupa na Ukweli

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilifundishwa shule ya msingi, nikaitumia katika insha za mitihani, wala sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingenihukumu mimi mwenyewe. Katika insha hii ninauliza swali moja: je, mtu aliyekabidhiwa kitu cha kale ili akitunze anaruhusiwa kujaza pengo la ujuzi kwa kukisia, ikiwa kukisia huko hakuonekani kumdhuru yeyote? Jibu langu ni hapana. Lakini nimelifikia baada ya kutenda kinyume chake.

Ninasoma Kiswahili na akiolojia, mwaka wa tatu. Kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, ambako baba yangu analima kahawa. Nikihitimu ninataka kazi ambayo majirani zetu hawaielewi: kusimamia hazina ya visukuku katika jumba la makumbusho. Simsemi mtafiti anayechimba na kupigwa picha akiwa na fuvu mkononi. Ninamsema yule anayebaki na fuvu baada ya wapiga picha kuondoka. Huyo ndiye anayelipa namba na kulilaza juu ya sponji lisivunjike. Ndiye anayeandika lilipatikana wapi, lini, na nani, katika tabaka gani la mwamba, kisha anafuatilia nani ameliazima na atalirudisha lini. Nafasi za kazi hii ni chache katika nchi zetu, na mara nyingi mtu huanza kwa kujitolea. Nilipomweleza baba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mifupa hiyo itakulisha?" Sikuwa na jibu.

Likizo ndefu iliyopita nilifanya mafunzo ya vitendo katika ghala la visukuku la jumba moja ambalo sitalitaja, wala sitaitaja nchi yake. Tulikuwa wanafunzi watatu. Kazi yetu ilikuwa kunakili lebo za zamani, zilizokuwa zimefifia au kuliwa na wadudu, kwenye kadi mpya. Tuliagizwa kuandika kwa herufi kubwa, kwa wino wa kudumu, ili maandishi yote yafanane. Wiki ya saba nilifungua droo yenye vipande kumi na moja vya mifupa ambavyo lebo zake zilikuwa zimebaki unga. Nilitafuta katika rejista, sikuona kitu. Nilipomwuliza msimamizi wetu, alitazama rangi ya mifupa, akataja mahali fulani maarufu, akasema, "Andika hapo. Mifupa yetu mingi ya rangi hii inatoka huko. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, sitaki kuona droo tupu."

Niliandika. Ilikuwa Ijumaa jioni, nami nilikuwa mgeni, mwanafunzi, nikitegemea barua yake ya mapendekezo. Kadi kumi na moja, mahali pamoja, herufi nzuri. Wenzangu walikuja Jumamosi kupanga makabati kabla ya ukaguzi.

Usiku ule nilijitetea kwa hoja ambazo ninadhani msomaji naye anaweza kuzitoa. Hoja ya kwanza ni kwamba mnyama yule amekufa mamilioni ya miaka iliyopita, hana nduguye wa kulalamika. Ya pili ni kwamba huenda msimamizi alikuwa sahihi, maana uzoefu wake unazidi umri wangu. Ya tatu ni kwamba kadi tupu ni aibu kwa jumba, na jumba lenye aibu hupunguziwa fedha, na fedha zikipungua hata mifupa yenye lebo nzuri itaharibika. Hoja hizi si za kipuuzi. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Nianze na ya kwanza, kwamba hakuna anayedhurika. Mfupa wa kisukuku ukitenganishwa na mahali pake huwa jiwe lenye umbo tu. Mara nyingi umri wake haujulikani kwa kuutazama; hujulikana kwa tabaka ulimolala, kwa mfano kwa kupima majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Kwa hiyo anayeandika mahali pa uongo huwa ameandika pia umri wa uongo na majirani wa uongo, na kumpeleka mtafiti wa kesho kuchimba bonde lisilohusika. Mdhurika yupo, ila hajazaliwa, au yuko darasani mahali fulani.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Simbakubwa kutokaafrika. Jina hili la kisayansi ni Kiswahili kitupu, na lilitangazwa mwaka 2019. Mnyama huyo aliishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Hakuwa simba, bali mla nyama wa ukoo uliokwisha kutoweka kabisa. Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, miaka ya mwisho wa 1970 na mwanzo wa 1980, ikakaa kabatini Nairobi kwa miongo kadhaa kabla ya mtu kuitazama upya na kutambua thamani yake. Mtu angeweza kusema kwamba kwa miaka yote hiyo aliyeitunza alikuwa akilinda kitu kisicho na faida. Lakini laiti jina la Meswa Bridge lingepotea, ugunduzi ule ungebaki nusu: taya kubwa la kutisha, lisilo na umri wala kwao.

Hoja ya pili, kwamba huenda msimamizi alikuwa sahihi, ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kukisia si dhambi. Sayansi yote huanza kwa kukisia, na mzee wa kazi anaweza kukisia vizuri kuliko mashine. Lakini kuna tofauti kati ya kukisia na kushuhudia. Lebo ni ushahidi: anayeisoma hatapata nafasi ya kumwuliza mwandishi, "Ulijuaje?" Kama ningeandika "huenda ni mahali fulani, kwa kuangalia rangi," ningekuwa nimesema kweli hata kama ningekosea. Nilipoandika mahali peke yake, nilisema uongo hata kama nilipatia. Mtu anaweza kusema uongo akiwa amepatia; kinachomfanya mwongo ni kutoa kisio lake kwa sura ya ujuzi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alishikilia kwamba uongo haufai hata kwa nia njema, hata mbele ya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Mimi sifiki huko. Muuaji akibisha mlangoni kwetu nitamdanganya, nami nitalala usingizi. Lakini Kiswahili kinatupa neno linaloeleza kwa nini ghala la makumbusho si mlango ule: amana. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Hawezi kuigawa, kuipunguza wala kuiongezea sifa isizonazo, hata kama mwenyewe yuko mbali, na hasa mwenyewe akiwa mbali. Wenye amana hii ni wale wasioweza kuja kukagua: waliokufa walioichimba na wasiozaliwa watakaoisoma.

Waliochimba nao wana haki yao. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mifupa ya dinosau ilichimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania ya leo. Mamia ya vibarua wa Kiafrika walichimba, na wapagazi walibeba mizigo kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mrefu kuliko wote waliotoka huko, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin mpaka leo. Wengi wa waliombeba hatuwajui kwa majina. Mmoja tunamjua, msimamizi wa wachimbaji Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosau mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Heshima hiyo iliwezekana, karibu miaka mia moja baadaye, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa. Daftari, basi, ni chombo cha sayansi na vilevile ni chombo cha haki.

Hoja ya tatu ni ya fedha na aibu. Ni kweli kwamba wakaguzi hawapendi mapengo. Lakini pengo lililoandikwa lina faida moja ambayo uongo hauna: linaonekana. "Mahali hapajulikani" ni mwaliko kwa mtu mwingine aje atafute. Uongo huufunga mlango huo, tena bila kufuli la kuonekana. Na nchi zetu zina sababu ya ziada ya kuogopa karatasi mbovu. Fuvu la Proconsul, alilolipata Mary Leakey katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, lilikaa Uingereza kwa miaka mingi likidhaniwa kuwa mali ya huko. Lilirudi Kenya mwaka 1982 baada ya barua za zamani kuonyesha kwamba lilikuwa limeazimwa tu. Hotuba kuhusu urithi wetu zina nafasi yake, lakini fuvu hilo lilirudishwa na karatasi iliyotunzwa. Tukizoea kuandika ya kubuni katika rejista zetu, siku tutakapodai chetu, nani atatuamini?

Jumatatu asubuhi nilifika kabla ya wakaguzi, nikamwambia msimamizi kwamba ninataka kuziondoa kadi zangu. Alikasirika, na baadaye barua yake ya mapendekezo ilikuwa ya mistari mitatu. Simlaumu sana, alikuwa na droo mia kadhaa na watumishi wawili. Aliniruhusu. Lakini nilipofungua makabati nilikuta vipande saba tu. Vinne vilikuwa vimepangwa Jumamosi pamoja na vielelezo vingine vya mahali pale, vyenye kadi zilezile, wino uleule, herufi zilezile kubwa. Nilitafuta siku mbili. Sikuweza kutofautisha mwandiko wangu na wa wenzangu, wala uongo wangu na ukweli wao.

Nilipompigia baba simu sikumweleza habari za matabaka. Nilimwambia tu kwamba nimechanganya vitu visivyojulikana na vinavyojulikana, na siwezi kuvitenganisha. Alielewa upesi kuliko msimamizi. "Ni kama debe la kahawa mbovu ndani ya gunia zuri," alisema. "Huwezi kuitoa punje kwa punje. Sasa gunia lote linatiliwa shaka. Umewaambia wanunuzi?"

Nilikuwa sijawaambia. Nilimwendea mzee mmoja mtunza ghala, aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, nikamwuliza nifanye nini. Alinifungulia rejista kwenye ukurasa wa mahali pale, akanipa kalamu yake, akasema, "Andika hilo pia." Nikaandika tarehe, nikaandika kwamba kati ya vielelezo vya kabati hilo vinne viliwekwa kwa kisio lisilo na ushahidi, nikaandika jina langu kamili. Ndiyo kadi ya kweli kuliko zote nilizoandika katika wiki kumi, ingawa haipendezi kusomwa.

Sijui kama mifupa itanilisha. Najua kwamba vinne kati yake vinanidai. Nikiipata kazi hii, hapo au kwingineko, nitakuwa nimekabidhiwa makabati ya watu wengine waliokuwa na haraka zao za Ijumaa jioni, na nitawasoma nikiwa na huruma, lakini pia nikiwa na penseli ya kuwekea alama za kuuliza. Baba aliponiuliza tena majuzi kama bado ninaitaka kazi hiyo, nilimjibu kwamba ninaitaka. Akasema, "Basi nunua daftari lako mwenyewe." Nimelinunua.