Undugu na Hesabu Yake

Kampuni ndogo ya kutengeneza video, muziki na matangazo katika mji wa Migori au Homa Bay huwa na watu wachache wanaofanya kila kitu. Anayeshika kamera asubuhi ndiye anayebeba taa jioni, na mhariri ndiye anayepokea simu za wateja. Kazi zenyewe zinatoka katika maisha ya watu wa hapa: arusi, matanga yanayorushwa mubashara ili jamaa walioko Nairobi na ng'ambo wafuate maziko, kwaya za kanisa, video za muziki wa ohangla, kampeni za uchaguzi, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hafla za serikali za kaunti. Watu wa kazi hii hukesha pamoja, hula pamoja, na hurudi usiku kwa gari moja kutoka Sori au Mbita. Si ajabu basi kwamba mwenye kampuni akiulizwa watu wake wanaishi vipi kazini, jibu linalomjia kwanza ni kwamba wao ni familia. Nataka kulipima jibu hilo kwa makini, kwa sababu naamini wengi wanaolitoa wanalitoa kwa moyo mweupe. Dai langu ni hili: undugu, kama watu wa sehemu hii walivyouishi, haukuwa hisia tu. Ulikuwa utaratibu wa haki na wajibu ambao kila mtu aliujua. Kampuni inayojiita familia lakini ikakwepa kusema nani anastahili nini, imeomba joto la undugu na kulikataa deni lake. Kosa lake si kwamba ina undugu uliozidi. Ina undugu uliopungua.

Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu kinachoeleza kwa Kijaluo mila na desturi za watu wake. Ukiyatazama kwa jicho la mila hizo maisha ya boma la Kijaluo, huoni mahali ambapo vitu havina mwenyewe. Nyumba ya mke wa kwanza ina mahali pake, ya mke wa pili ina pake. Mdogo hatoki kwenda kuanzisha boma lake kabla ya kaka yake. Ng'ombe walioletwa kwa mahari ya binti, watu wanajua watamwolea mke kaka yake yupi. Mapenzi yalikuwapo, na ugomvi pia, lakini vyote viwili vilikaa juu ya mpango uliokwisha kujulikana. Mtu aliyedhulumiwa hakulazimika kuomba huruma, kwa kuwa aliweza kutaja haki yake mbele ya wazee nao wakaitambua. Huu ndio upande wa familia unaosahaulika neno hilo linapohamia ofisini. Huko linatumiwa kumaanisha kwamba kati yetu hatuhesabiani, ilhali katika familia za hapa watu walihesabiana sana, na walifanya hivyo bila aibu.

Mzee Mbuya Akoko, mmoja wa wale ambao mwanafalsafa Henry Odera Oruka alikusanya mawazo yao katika kitabu Sage Philosophy cha mwaka 1990, alilieleza jambo hili kwa ufasaha ambao sijauona kwingine. Aliikataa ile picha ya kwamba Wajaluo wa zamani walikuwa wakigawana mali kwa ukarimu tu. Kilichokuwapo, kwa maelezo yake, ni ushirikiano: mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi kwa watu wasio na ng'ombe, hao wakawachunga na kuwatunza. Ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe, lakini kila mtu akawa na mifugo ya kuangalia na maziwa ya kunywa. Tazama jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa hapa. Umiliki una mwenyewe, na matumizi yana mwenyewe, na wote wawili wanajulikana. Hakuna aliyemwambia mchungaji kwamba ng'ombe ni wetu sote ili asiulize habari ya maziwa. Maziwa aliyapata kila siku, hayakuwa ahadi ya mwakani.

Katika kampuni ninayoizungumzia, kamera, droni na kompyuta ni vya mwenye kampuni, mara nyingi kwa mkopo ambao yeye peke yake anaulipa. Hilo halina ubaya. Ubaya unaanza pale anayezitumia anapoambiwa kwamba kampuni ni yake pia, kisha asiambiwe yake ni ipi. Analipwa kazi ikipatikana, kwa kiasi kinachotegemea hali ya bosi siku hiyo, na akiuliza anaonekana mtu asiye na moyo wa kifamilia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeliona jambo hili. Inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika imelitwika mwajiri. Mwajiri akishindwa kuutoa mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha yale masharti yanayodaiwa. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kibarua wa kutwa. Wapo wanaoiona sheria hii kama mgeni aliyetoka mjini kuja kuvuruga undugu wa watu. Mimi naona inaelekea kulekule alikoelekea Mbuya: anayetunza ajue maziwa yake ni yapi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya ng'ombe na kamera, na hapo ndipo kazi ya sanaa inapokuwa ngumu. Anayeishika kamera anazaa kitu ambacho hakikuwapo. Filamu ya arusi, wimbo wa kwaya, tangazo la duka vina alama ya mkono wa aliyevitengeneza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 imejaribu kuzigawa haki za kazi kama hizo. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa na mtu aliyeilipia, haki yake ya kibiashara humwendea mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Hata hivyo haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi inabaki na mtunzi, hata baada ya haki nyingine kuhamishwa. Kwa hiyo hata pale ambapo mali yote ni ya mwenye kampuni, jina halimo katika mali hiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu kampuni ndogo nyingi zina mazoea ya kutia nembo moja juu ya kila kazi na kuona kwamba zimemaliza. Mhariri aliyekaa na filamu siku nne hatajwi popote, na anaposema anaambiwa kwamba nembo hiyo ni yetu sote.

Historia ya muziki wa eneo hili inaonyesha jina lina uzito gani. Muziki wa benga ulikuzwa na bendi ambazo, ukizitazama vizuri, zilikuwa kampuni ndogo za sanaa: vyombo vya kiongozi, vijana wanaoishi na kusafiri pamoja, mapato yanayokuja kwa msimu. Daniel Owino Misiani alitoka Shirati, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Migori, na bendi yake ikabeba jina la kwao hadi Uingereza. Victoria Jazz ilianzishwa mwaka 1972 na Ochieng Nelly na Collela Mazee, na katika miaka iliyofuata wanamuziki waliingia na kutoka mara kwa mara. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyetoa santuri nyingi za benga na baadaye akaingia bungeni, aliuza muziki huo mbali, hadi Zimbabwe. Mashabiki wa huko wakauita kanindo, na jina la lebo yake moja, Sungura, likawa jina la muziki wa gitaa wa nchi hiyo mpaka leo. Simlaumu kwa hilo, kazi ya kuufikisha muziki kwa watu ni kazi kubwa. Nasema tu kwamba jina lililosafiri ni la mwenye lebo, huku wapiga gitaa wengi ambao vidole vyao viliwafundisha vijana wa Harare hawajulikani huko hata kwa jina moja. Wakati mwingine familia na bendi vilikuwa kitu kimoja hasa: Prince Jully wa Migori alipofariki mwaka 1997, mjane wake, Princess Jully, ndiye aliyeichukua Jolly Boys Band na kuiendeleza. Kilichomwezesha, kwa maoni yangu, ni kwamba watu waliweza kuona dai lake ni lipi. Mpiga besi wa kawaida aliyeitwa ndugu kwa miaka kumi hana dai ambalo mtu anaweza kulitaja siku kiongozi anapoondoka. Bendi inapovunjika, yeye anabaki na kumbukumbu.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliuliza kwa nini malalamiko huzuka zaidi kati ya marafiki waliounganishwa na manufaa. Alitofautisha aina mbili za urafiki huo. Mmoja una masharti yaliyotajwa, na mwingine hauna: mtu anatoa kana kwamba anampa rafiki, lakini moyoni anatarajia kurudishiwa kiasi kilekile au zaidi. Aliona kwamba ugomvi mwingi unatoka katika aina hii ya pili, kwa kuwa watu wanaingia kwa namna moja na kutaka kutoka kwa namna nyingine. Sijui maelezo mengine yanayoifaa zaidi ofisi ya vijana watano inayovunjika baada ya kampeni kubwa ya uchaguzi. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mmoja alitoa kama ndugu na kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya siri.

Pingamizi la kwanza nitakaloambiwa ni umaskini. Kampuni ya Homa Bay haiwezi kuahidi mshahara wakati kaunti inachelewa kulipa na mteja wa matanga naye anachangisha. Ni kweli, na mtu asiyelijua hilo asitoe ushauri. Ila anayesema kwamba pato lisilotabirika haliwezi kuwa na kanuni ateremke hadi ziwani, Muhuru au Mfangano. Hakuna anayejua usiku utaleta omena kiasi gani. Hata hivyo mwenye mashua na wavuvi wake wana mgawo unaojulikana kabla mashua haijasukumwa majini: gharama zinatolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na waliovua. Wanagombana, naam, hasa kuhusu gharama zinazotolewa. Lakini wanagombana kuhusu kitu kilichotajwa, na usiku mbaya unawaumiza wote kwa kipimo kinachojulikana. Kampuni ya video inaweza kukubaliana kwa sehemu badala ya kiasi. Inaweza kusema fedha za kaunti zikiingia nani analipwa kwanza, na mkopo wa kamera unachukua ngapi. Hilo halihitaji fedha ambazo hazipo, linataka ujasiri wa kufungua daftari mbele ya watu.

Wengine watasema ubunifu haupimiki. Nakubali, na sidai upimwe. Kupima mchango na kukubaliana juu ya haki ni mambo mawili, na la pili linawezekana bila la kwanza.

Pingamizi zito ni la anayesema kwamba mkataba unaua moyo. Kila saa ikiandikwa, atasema, hakuna atakayebaki hadi alfajiri kumalizia filamu ya marehemu ambayo familia yake inaingoja. Kuna ukweli hapa ambao sitaki kuupita haraka. Kazi nzuri ya sanaa ina kitu ambacho hakuna karatasi inayoweza kukiagiza, na mtu anayefanya yale tu yaliyoandikwa hajafanya kazi nzuri bado. Lakini tuulize kule kubaki hadi alfajiri ni nini, mahali ambapo hakuna saa iliyotajwa. Si wajibu, kwa kuwa hakuna aliyeuweka. Si zawadi pia, kwa kuwa bosi anaweza kusema ndivyo tunavyofanya hapa, sisi ni familia. Aliyekesha hawezi kulipwa na hawezi kushukuriwa. Alichokitoa kimezama bila jina. Zawadi huonekana pale tu ambapo deni linajulikana linapoishia. Mwambie mhariri kwamba kazi yake inaisha saa kumi na moja jioni, na saa zote anazoongeza baada ya hapo zinakuwa zake kuzitoa au kuzidai. Akizitoa, ametoa kweli, na aliyepokea anajua amepokea. Kwa hiyo anayetaka ukarimu kazini ndiye hasa anayepaswa kutaka mipaka iandikwe.

Wala tusidhani kwamba mfanyakazi ndiye pekee anayeumia. Mwenye kampuni aliyejiita baba wa nyumba anajikuta akidaiwa karo, michango ya matanga na nauli, na hawezi kumwachisha kazi mpwa wake asiyeijua kazi, kwani familia haifukuzani. Naye hana mahali pa kusema hapa ndipo wajibu wangu unapokoma. Akilalamika anaonekana mchoyo, kama vile kijana wake alivyoonekana hana moyo. Wote wawili wanahitaji maneno yaleyale, yasemwe mapema, wakati bado wanapendana: malipo yako ni haya, jina lako litakaa hapa kwenye filamu, likizo yako ni siku hizi, na ukiondoka, kazi hizi unaweza kuwaonyesha wengine kuwa ni za mkono wako. Hilo la mwisho ndilo ambalo ningelianza nalo, kwa sababu kijana anayetoka Migori kwenda kutafuta kazi Kisumu au Nairobi hana cheti kingine kinachosikilizwa kuliko kazi alizozifanya, na mwenye kampuni hapotezi hata shilingi moja kwa kumruhusu azionyeshe.