Siku ya Kukaa Nangani

Wazee wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema subira huvuta heri. Ya pili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi akipewa ya kwanza huitungia insha nzuri, na akipewa ya pili huitungia nyingine nzuri vilevile, wala hapana anayemwuliza ni ipi kati ya hizo atakayoishi kwayo. Mimi niliulizwa swali hilo siku moja nikiwa juu ya maji, nami nilijibu vibaya. Nakueleza habari hiyo, msomaji, kwa kuwa yamkini nawe siku moja utajibu kama nilivyojibu mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka 19, abiria katika jahazi lililotoka Lamu kwenda Mombasa na shehena ya nazi na mikeka. Nilikuwa nimeitwa Mombasa kwa habari ya kazi ya ukarani, na siku niliyoambiwa nifike ilikuwa karibu. Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika. Anayetoka Lamu kwenda Mombasa wakati huo huuelekea upepo, na chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hakina budi kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu kisha upande ule, kwa jasho jingi na mwendo mchache. Kwa hiyo tulitia nanga ndani ya mlango, mkabala wa Shela. Alfajiri nahodha alitazama mawimbi yaliyokuwa yakivunjika meupe huko nje, akamaliza kahawa yake, akasema, "Leo tupo." Hakuongeza neno.

Kungoja hakukuwa jambo geni kwa watu wa pwani. Kwa karne nyingi vyombo vya Arabuni, vya Uajemi na vya Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarudi kwa kusi baada ya Aprili, wala hapakuwa na tajiri aliyeweza kuununua upepo kabla ya majira yake. Mwanzoni mwa mwaka wa 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipita pwani yetu katika bumu la Kuwait, akafika hata katika milango ya mto Rufiji, ambako mabaharia walikaa wakipakia boriti. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu, Sons of Sindbad, kilichopigwa chapa mwaka wa 1940. Katika miezi ya kungoja watu waliuza na kukopa, walioa, walijifunza lugha ya wenyeji, walitia vyombo kalafati. Sitaki kuwapamba; hapana shaka miongoni mwao walikuwamo wavivu wa kweli, maana bahari haichagui watu wema tu. Lakini mtu asingeweza kuwajua wavivu hao kwa kuwatazama kutoka ufukoni.

Sasa rudi nami katika jahazi letu. Kulikuwa kimya. Maji yaligonga ubavu wa chombo polepole, na harufu ya sifa iliyopakwa mbaoni ilipanda pamoja na joto la jua. Maji yalipogeuka jahazi nalo liligeuka, likaizunguka nanga yake kama mbuzi aliyefungwa kigingini, hata Shela iliyokuwa kulia kwetu ikawa kushoto. Baharia mmoja alishona tanga. Mwingine alishuka ngamani kufua maji, maana chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kimelala. Mpishi aliwasha moto katika sanduku lake la mchanga. Mimi nilikwenda huku na huko nikihesabu saa zangu zilizopotea.

Mtu mmoja tu alikuwa hafanyi lolote. Alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, ameketi omo tangu alfajiri, mguu ameunyosha, kisigino amekiweka juu ya amari, macho kayaelekeza Shela. Hakushona, hakufua maji, hakuimba. Saa nne ilimkuta pale. Saa sita ilimkuta pale. Kwa kuwa nilikuwa na hasira ya kazi yangu, na hasira hutafuta mahali pa kukaa, nilimwambia nahodha kwa sauti ambayo kijana yule aliweza kuisikia, "Huyu naye mnamlipa kwa kuketi?"

Nahodha alinitazama, kisha akasema, "Mwanangu, njoo ule. Wali umeiva."

Nilikula, nikajilaza chini ya kivuli cha tanga, nikalala usingizi mtamu kuliko nilioupata kwa siku nyingi. Nilipoamka ilikuwa yapata saa kumi na moja. Kamba zilizolowa maji zilikuwa zimetapakaa sitahani, na mabaharia wawili waliketi wakihema, mikono imechubuka. Niliuliza kumetokea nini. "Nanga ilitembea," mmoja wao akanijibu. "Tulikuwa tunakwenda mwambani." Akaonyesha omo kwa kidevu. "Yule ndiye aliyejua."

Nikaelezwa mambo ambayo mabaharia wote hujua na ambayo mimi, kwa elimu yangu yote, sikuyajua. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa sababu kamba huivuta kwa ulalo, ikajichimbia mchangani; kamba ikiwa fupi huivuta kwa juu, ikaing'oa. Kwa hiyo urefu wa amari hauna budi kuwa mara tano ya kina cha maji, au zaidi. Siku ile ilikuwa ya bamvua. Asubuhi maji yalipokupwa palikuwa na pima 3 chini yetu, na pima 15 za kamba zilitosha. Jioni maji yalipojaa palikuwa na zaidi ya pima 4, na kamba ileile haikutosha tena. Upepo nao ulizidi. Kijana yule alikuwa amechagua alama mbili za pwani, mnara wa msikiti wa Shela na mnazi mmoja ulio mbele yake, na kutwa nzima alikuwa akiangalia kama zimepangana au zimeachana. Jahazi likizunguka tu, alama huachana kisha hurudiana. Zikiachana zisirudiane, chombo kinakwenda. Na hata kabla ya macho kujua, kisigino hujua, maana amari hupeleka habari za chini hadi juu. Aliwaita wenzake, wakaongeza kamba wakati mimi nakoroma.

Tufikiri pamoja, msomaji. Nilichokiita uvivu kilikuwa kazi isiyo na mwendo. Tangu utoto tumezoea kuipima kazi kwa jasho, kwa jembe linalopanda na kushuka. Kazi ya kulinda haina kipimo hicho. Ikifanywa vizuri haionekani, kwa sababu tunda lake ni kwamba halikutokea neno. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa hukutwa asubuhi amesinzia kitini, na mgeni aingiaye husema, mbona analala mchana? Mtoto yu hai, na kwa kuwa yu hai mgeni haoni kitu cha kusifu.

Utaniuliza basi, je, hapana uvivu duniani? Upo, nami nimeutenda mara nyingi. Kuutambua si kazi rahisi, ila tangu siku ile nimekuwa nikijaribu swali moja: mtu huyu akiondoka mahali pake, kitaharibika nini? Nilipolielekeza swali hilo kwa jahazi letu nilimpitia mshona tanga, mfua maji, mpishi, nahodha, na kijana wa omo. Nikaona kwamba palikuwa na mtu mmoja tu chomboni ambaye angeondoka pasiharibike kitu, naye alikuwa mimi.

Wako watakaosema kwamba sikuwa na deni lolote, kwa kuwa nililipa nauli, na kijana alipata ujira wake. Nimeifikiria hoja hiyo sana, maana ingenifaa. Nakubali kwamba nauli ilinipa haki ya kuchukuliwa, hata haki ya kulala. Sioni jinsi ilivyonipa haki ya kumdharau aliyekuwa macho kwa ajili ya usingizi wangu. Ujira wake ulihesabiwa kwa siku za safari. Hakuna aliyemhesabia maneno yangu.

Wala nisikufiche kwamba kungoja kulinigharimu. Nilifika Mombasa nimechelewa siku moja, na kazi ile ya ukarani ikawa imekwisha kupewa mwingine. Methali ya pili ilisema kweli: matumbo yaliniuma kwa miezi. Lakini nahodha hakukosea. Kama angeng'oa nanga kwa ajili ya barua yangu, angezitia hatarini roho saba apate kumfurahisha mmoja. Subira ile ilikuwa yake, na hasara ikawa yangu, na mpaka leo sijaweza kuzipatanisha methali zile mbili kama mwalimu wangu alivyotaka.

Usiku ule nilikwenda omo. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, kwa Kiswahili fasaha. Kijana alisogea kunipa nafasi. Kabla sijafumbua kinywa aliniambia, "Kaka, weka mguu wako hapa."

Nikauweka juu ya amari. Ilikuwa baridi, na ndani yake mlikuwa na mtetemo mdogo. Nilishtuka.

"Huo ni mkondo tu," akasema. "Nanga ikitembea utajua. Huja kwa kushtuka-shtuka." Akanionyesha taa mbili za pwani, moja juu ya nyingine, akaniambia zikiachana nimwamshe. Kisha akajifunika shuka, akalala palepale, kichwa chake karibu na goti langu, na maneno yangu mazuri yakabaki nami.

Nilitazama zile taa mpaka macho yakatoka machozi. Yapata saa tisa ya usiku upepo ulipungua. Nahodha alitoka, akageuza shavu lake upande wa kusini, akasimama hivyo kitambo, kisha akasema nimwamshe kijana.