Nani Aliyeihamisha Ndiyo?

Ndugu msomaji, naomba usinicheke. Suala ninalolileta leo nililiokota kwenye banda la gemu, mahali ambapo mama yangu aliapa hakuna la maana linaloweza kuokotwa.

Tulikuwa vijana wanne na padi mbili. Siku hiyo mwenye banda alileta CD mpya, maandishi yake ya Kijapani matupu. Nikabonyeza eksi ili mchezo uanze. Ukarudi nyuma. Nikabonyeza tena, ukarudi tena. "CD mbovu hii, bwana!" tukapiga kelele. Ndipo mtoto mmoja, aliyekuwa anatazama tu kwa kuwa hana hela, akanyoosha mkono akabonyeza duara. Mchezo ukafunguka.

Kumbe muda wote ule tulikuwa tunasema "hapana" huku tukidhani tunasema "ndiyo".

Baadaye nilisoma habari za Teiyu Goto, Mjapani aliyebuni padi ya PlayStation, mashine iliyotoka kwao Desemba 1994. Kampuni nyingine wakati ule ziliandika herufi kwenye vitufe; yeye akataka alama rahisi kukumbuka. Pembetatu ni kichwa, yaani upande mchezaji anaotazama. Mraba ni karatasi, yaani orodha na maandishi. Duara ni ndiyo, eksi ni hapana. Duara akalipa rangi nyekundu na eksi akaipa bluu, hata wakubwa wakadhani amechanganya rangi. Yeye akashikilia kwamba ndivyo anavyotaka. Wala ndiyo na hapana hizo hakuzitoa hewani. Huko Japani mwalimu akisahihisha daftari, jibu sahihi hulipa duara, na kosa hulipiga eksi.

Lakini PlayStation ilipofika Marekani na Ulaya mwaka 1995, michezo mingi iliyouzwa huko ikageuza mambo: eksi ikawa ndiyo ya kukubali. Sisi pale bandani tulizoea matoleo hayo, tukafuata. Na hapa ndipo ninapojicheka mwenyewe. Mimi pia nimefundishwa na mwalimu mwenye kalamu nyekundu! Eksi kwenye daftari langu la hesabu haikuwahi kuwa habari njema hata siku moja. Lakini kidole changu kilijifunza kuiita ndiyo bila hata kuniuliza. Wahenga walishasema, mazoea yana taabu.

Mwaka 2020, ilipotoka PlayStation 5, Sony wakaamua kanuni iwe moja dunia nzima: eksi iwe kukubali, hata Japani kwenyewe. Vidole vilivyozoea duara kwa miaka 26 vikaambiwa vigeuke.

Je, ni haki? Kuna atakayesema alama ni makubaliano tu, na wengi wape. Sina ugomvi naye sana. Duara halikushuka kutoka mbinguni, na kanuni moja humpunguzia kazi mtengenezaji. Isitoshe, anayekosea kitufe kwenye gemu hupoteza nini? Mara nyingi hurudia tu, basi.

Ningeishia hapo, kama isingekuwa dole gumba la bibi yangu.

Bibi hakujua kusoma. Alikuja mtu na karatasi, akamwambia, "Bibi, weka dole hapa, ni mambo ya mipaka ya shamba tu." Akaweka. Kumbe ilikuwa karatasi ya mauziano. Mbele ya wazee yule mtu alikuwa na jibu moja: "Kwani hili si dole lake?" Na kweli, lilikuwa lake. Shamba halikurudi.

Sisemi kwamba watengeneza gemu ni sawa na yule mtu, hasha. Mabadiliko ya padi yalitangazwa, na kioo chenyewe humwonyesha mchezaji kitufe cha kukubali ni kipi. Yule mtu aliihamisha ndiyo ya bibi gizani. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote. Alama yaweza kuhamishwa, lakini anayeihamisha ana deni kwa mwenye kidole: amwambie kabla hajabonyeza, na amwachie njia ya kurudi nyuma. Pasipo hayo mawili, kubonyeza si kukubali, hata kama dole ni lake mwenyewe.

Maana kidole, jamani, hakifikiri. Kinakwenda kilikozoezwa. Kumhukumu mtu kwa kidole chake bila kuuliza kama akili yake ilikuwapo ni kumwonea, awe bibi kijijini au kijana mwenye simu mjini.

Siku hizi simu ikiniletea maandishi marefu na kitufe cha "Nakubali" chini yake, kidole huwa kimeshatangulia. Nimeanza kukirudisha, ingawa si mara zote. Na wewe, ndugu msomaji, mara ya mwisho ulipobonyeza kukubali, ulikuwa umesoma?