Je, Ni Jua Tu?



Leo nataka tutafakari pamoja swali moja ambalo kwa miaka kadhaa limekataa kuniacha. Swali lenyewe ni hili: mtu akifa kwa jambo ambalo sisi sote tuliliona, ambalo hakuna kati yetu aliyelitaka, nalo lingeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, je, tuseme nani amemwua? Au tuseme kwamba ndivyo dunia ilivyo, tumzike, tunawe mikono, turudi nyumbani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, mahali ambapo kijana mmoja mwenye ualbino alikuwa akiuza vitunguu. Hakuwa na kibanda. Alisimama na ndoo zake juani tangu asubuhi mpaka jioni, kichwani amevaa kapelo, mikono wazi. Mimi nilikuwa mteja wake. Msimu wa kwanza niliona kidonda kidogo juu ya sikio lake la kushoto, kama mahali palipokwaruzwa na mwiba. Nikamwuliza, "Hicho kidonda vipi, kijana wangu?" Akacheka, akasema, "Aa, jua tu, Mwalimu." Nikalipa, nikachukua vitunguu vyangu. Msimu wa pili kidonda kilikuwa kimekula ncha ya sikio, naye alikifunika kwa kitambaa. Sikuuliza tena, maana niliona haya. Msimu wa tatu nilikuta mtu mwingine amesimama pale. Nikaambiwa kwamba yule kijana alipelekwa hospitali wakati saratani imekwisha kushuka shingoni, na kwamba amekwisha kuzikwa kwao. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini.

Jua tu! Maneno hayo mawili yeye aliyasema kwa kunitoa wasiwasi, nami niliyapokea kwa sababu yalinifaa. Kama ni jua tu, basi hakuna la kufanya, kwani nani awezaye kulizima jua? Lakini hebu tulichunguze jambo hili kwa utulivu, tuone kama kweli ni jua tu.

Wengi wetu tumezaliwa na rangi nyeusi katika ngozi, ambayo wataalamu huiita melanini. Rangi hiyo ni kama mwavuli tuliovikwa kabla ya kuzaliwa. Huzuia sehemu kubwa ya miale ile isiyoonekana ambayo huichoma ngozi na hatimaye huweza kuleta saratani. Mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao kidogo sana. Hali hii si laana, wala si matokeo ya dhambi ya mama. Mtoto huzaliwa hivyo anaporithi chembe ya ualbino kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, ijapokuwa wao wenyewe ni weusi kama sisi. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba inapotungwa, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo yule baba anayemkimbia mkewe akisema mtoto si wake, nusu ya sababu anaibeba mwenyewe mwilini mwake.

Tukumbuke pia mahali tunapokaa. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi 5 hivi tu kusini mwa ikweta. Jua hutupiga kutoka juu kabisa, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miale hiyo inavyozidi ukali. Miti yetu ni ya miiba, yenye majani machache. Tena upepo wetu hudanganya. Mwezi wa Juni na Julai upepo ukivuma mtu huvaa sweta akidhani kwamba jua halina nguvu, kumbe miale inayochoma ngozi siyo joto, nayo hupita hata penye baridi na hata penye mawingu. Mtoto mwenye ualbino akiachwa bila kinga saa za mchana huungua upesi, na kuungua kwa leo hakupotei. Hujiweka akiba chini ya ngozi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1985 madaktari waliochunguza watu 350 wenye ualbino mjini Dar es Salaam walichapisha matokeo yao, wakaonyesha kwamba ngozi huanza kuharibika tangu utotoni, na kwamba saratani kubwa huwakuta wakiwa bado vijana.

Na hapa ndipo penye kustaajabisha. Katika nchi za baridi watu weupe wamekuwa wakilala ufukweni, au hata kulipa fedha walale chini ya taa za miale, kusudi ngozi zao zibadilike rangi. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka taa hizo katika fungu la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Na huku kwetu wako waliozaliwa na ule mwavuli, nao wanautoboa kwa mkorogo wenye zebaki, kusudi wawe weupe. Mmoja anaipuuza hatari, mwingine anaitupa kinga, na wote wawili wamechagua. Mwenye ualbino hakuchagua. Wala hachagui mahali pa kusimama mchana. Hilo, ndugu zangu, mara nyingi tunamchagulia sisi.

Namna tunavyomchagulia ni hii. Ualbino hudhoofisha macho pia. Mtoto anapelekwa shule, anakalishwa nyuma, haoni ubao. Mwalimu anadhani ni mzito wa kuelewa. Nasema haya nikijua ninachosema, maana nimefundisha miaka mingi, na wakati fulani mwalimu huyo nilikuwa mimi. Mtoto anashindwa mtihani, anarudi nyumbani, anapewa jembe au fimbo ya kuchunga ng'ombe, au ndoo ya vitunguu kando ya barabara. Huko anakaa juani miaka kumi. Kidonda kinatokea, anapakwa majivu na majani. Kidonda kinakua, tunaona haya kumwuliza. Anakufa, tunasema ni jua. Lakini ukirudi nyuma hatua kwa hatua, utaona kwamba safari ya kwenda kaburini ilianzia kwenye dawati la nyuma darasani. Kumbe kumkalisha mtoto huyo mbele, karibu na ubao, nako ni kumkinga na saratani.

Sasa tulirudie swali letu. Sisi sote twayalaani mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu tangu miaka ya 2006 na 2007, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambapo watu walikatwa viungo kwa sababu ya uganga na tamaa ya mali. Tulifarijika mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama ilipowatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya namna hiyo. Na tulifanya vema kulaani. Lakini muuaji wa panga tunamtambua kwa sababu anakuja usiku na ana damu mikononi. Muuaji wa polepole hana uso. Yeye ni desturi zetu, haraka zetu, haya zetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia. Je, kutokukusudia kwatosha kutuweka huru?

Mimi naona hakutoshi. Dereva aliyeona gari lake halina breki akalipeleka barabarani vivyo hivyo hawezi kujitetea kwamba hakukusudia kumgonga mtu. Aliona, akaendelea. Nasi katika ibada zetu hatuungami tu mabaya tuliyoyatenda, bali pia mema tuliyoacha kuyatenda. Na wale walioweka maungamo hayo walijua kwamba sehemu hii ya pili ndiyo mtu huisahau upesi. Mimi sikumpiga yule kijana wa vitunguu. Sikumtukana kwa jina la zeruzeru. Nilimlipa bei yake. Hata hivyo nilikiona kidonda misimu miwili nikanyamaza, na kituo cha afya hakikuwa mbali.

Wako watakaosema, "Ni amri ya Mungu." Wanafunzi wa Bwana nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakuwakubalia hesabu hiyo. Alishika udongo, akafanya kazi. Wengine watasema, "Watu hawa hawafi, hutoweka." Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto, na ubaya wake ni huu: mtu anayeaminiwa kwamba hutoweka, kifo chake hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakizuiwi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 16,000 wenye ualbino katika nchi yetu. Hao wana majina, na wanakufa kama sisi, ila wengi wao mapema mno. Na wengine watasema, "Maskini kama sisi tutatoa wapi fedha?" Hilo ni neno la haki, nalo lahitaji jibu.

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kinga haitaki fedha nyingi. Kofia pana inayofunika masikio na shingo, si kapelo, ambayo hufunika paji la uso tu. Shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, hata la mtumba. Kazi za nje zifanywe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Mafuta ya kukinga jua ni ghali, ni kweli, lakini hata hapo Watanzania wamejitahidi; katika hospitali ya KCMC mjini Moshi yalianza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na kidonda au gamba gumu lisilopona ndani ya mwezi mmoja lionwe na mganga wa hospitali, si la kusubiri. Likiwahiwa, huondolewa kwa upasuaji mdogo au kwa kugandishwa kwa dawa yenye baridi kali, na mtu akapona kabisa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu tumejenga makaburi.

Yaliyobaki hayauzwi dukani, bali ni mpango wetu wenyewe. Katika mazishi, katika mikutano ya kijiji, siku ya Kipaimara tunapopanga watoto kwa mistari nje ya kanisa, kivuli hupewa nani? Hupewa wazee na wageni wenye heshima. Desturi hiyo ni njema, nami kwa umri wangu naifaidi. Lakini tukisema kwamba kivuli ni heshima tu, basi mtoto mwenye ualbino atakipata siku tutakapojisikia kumheshimu. Mimi nasema kwake yeye kivuli ni kama maji kwa mwenye kiu. Hatumpi kwa hisani, tunamlipa deni.

Mnaikumbuka habari ya Yona. Alikaa nje ya mji, jua likampiga, Mungu akamwoteshea mtango, Yona akaufurahia mno ule uvuli. Mtango ulipokauka akakasirika hata kutaka kufa. Ndipo akaulizwa: unauhurumia mmea wa siku moja, je, watu wa mji mzima huwaoni? Yona alijua utamu wa kivuli. Kosa lake ni kwamba alikijua kwa kichwa chake tu. Nasi ni hivyo hivyo. Kila mmoja wetu wa Singida anajua maana ya kupata mti saa 7 mchana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumbe jua la mwenzio nalo tunaliona kama mbalamwezi.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, walimu wa shule na wa Shule ya Jumapili wawaite mbele watoto wenye ualbino, na wawaruhusu kuvaa kofia na mikono mirefu kila siku, hata sare inaposema vingine. Pili, wazazi wasiwatume kuchunga wala kulima saa za mchana, bali wawape kazi za ndani na asubuhi mapema, na wawasomeshe kwa bidii kuliko wengine, maana kwao kazi ya ndani ni uhai. Tatu, tukiona kidonda tuseme. Tuseme kwa upole, faraghani, tukiwa tayari kwenda naye hospitali na kulipa nauli. Haya yetu isiwe ghali kuliko sikio la mtu.

Yule kijana sitamrudisha. Lakini Jumapili ijayo tutakapotoka ibadani, kabla ya kila mmoja kutafuta mahali pa kukaa, tutazame kwanza ni nani aliyesimama juani, tumsogezee kiti.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu, Manyoni