Akili ya Mzee Inapochoka

Lipo kosa ambalo watu hulitenda huku wakidhani wanaulinda mji wao. Ni kumwita mchawi bibi mzee ambaye akili imeanza kumtoka. Huonekana akitembea usiku asijue aendako. Huwaita watu waliokwisha kufa. Hudai ameibiwa kitu alichokificha mwenyewe. Humkana hata mwana wa tumbo lake. Macho yake ni mekundu, kwa kuwa maisha yake yote amepika katika moshi wa kuni. Basi majirani wananong'onezana. Katika nchi ya Usukuma, na huko Kilifi katika pwani ya Kenya, minong'ono ya namna hiyo imekwisha kumwaga damu ya wazee wasio na hatia.

Twasema wazi: kupotewa na akili hivyo si uchawi wala laana, bali ni ugonjwa wa ubongo, nao madaktari huuita dimenshia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zisizo tajiri. Wala tusidhani ni ugonjwa wa Ulaya tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee wapata sita katika kila mia wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Hata hivyo hauwapati watu wa kila mahali kwa kadiri moja. Wataalamu waliwafuatia kwa miaka kadhaa wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, pamoja na wazee Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 walitangaza kwamba, umri ukilinganishwa na umri, wagonjwa wapya wa kila mwaka kule Indianapolis walizidi mara mbili wale wa Ibadan. Watu hawa wote wana asili ya Afrika; lakini wale wa Ibadan walikuwa na miili myepesi zaidi, na shinikizo la damu lilikuwa haba kwao. Hilo latuonya sisi ambao miji yetu yakua, na ambao twazidi kukaa kitako na kula mafuta mengi.

Mwaka 2024 tume ya madaktari wa jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yaongezayo hatari. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, ulevi, moshi na hewa chafu, uziwi na upofu usiotibiwa, kukosa shule utotoni, na upweke. Yakiondolewa yote, yasema tume hiyo, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa.

Yatupasa nini, basi? Amri ya Nne haikomi mzazi anapoacha kututambua. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya tatu, amwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili yake ikipungua, wala asimdharau kwa kuwa yeye mwenyewe angali na nguvu. Kuvumilia huko kuna kazi zake. Tumpeleke mzee zahanati apimwe damu. Mwenye mtoto wa jicho atibiwe. Jiko la moshi litengenezewe njia ya kutolea moshi. Binti asinyimwe shule. Na jumuiya zetu zipange zamu za kumzungumzisha mzee akaaye peke yake, na kumpumzisha yule amwuguzaye usiku na mchana.

Na Mkristo asikiapo jina la mzee likitajwa pamoja na uchawi, asinyamaze. Aseme palepale kwamba huyo ni mgonjwa, kisha awaendee viongozi wa kijiji na wa kanisa kabla ya jua kuchwa. Anyamazaye ana sehemu yake katika damu hiyo.